Ulimi wa Kuazima

Baba alikaa na tanuri miaka thelathini na moja.
Alijua mkate umeiva kwa kuugonga tako
kama mtu agongaye mlango wa jirani anayemdai.
Mwaka juzi homa ilimpitia, ikaondoka na pua yake,
ulimi ikauacha kinywani
kama kijiko kwenye droo ya nyumba iliyohamwa.

Sasa kila Jumamosi anaazima wangu.
"Twende, Akumu," asema, amevaa koti la kanisani.
"Ule, uniambie."
Sharti ni moja: nisiseme tamu.
"Tamu hata nzi anajua."

Tukaanzia Nyalenda, kwa Nyar Seme
anayeoka kwenye sufuria, makaa chini, makaa juu ya kifuniko,
shilingi kumi na tano kikeki, karatasi imegandia.
Nikatafuna.
Kina moshi kidogo, Baba,
kama shuka iliyoanikwa karibu na jiko.
"Na katikati?"
Katikati kuna unyevu. Kinasita kabla ya kushuka.
"Ameweka maziwa lala."
Nyar Seme akashika kiuno:
"Huyu mzee ni mchawi, ama ni mtu wa kaunti?"

Kondele, ndugu wawili na tanuri ya gesi ya mkopo,
sukari ya buluu juu ya keki kama kofia ya bawabu wa benki.
Nikasema: inapiga kelele mlangoni,
ukiingia hakuna mtu.
Baba alicheka hadi tuktuk iliyokuwa ikipita ikapunguza mwendo
ikidhani tunaiita.

Karibu na soko la Jubilee, duka la ngazi tatu,
Bi Nirmala hutwanga iliki yake mwenyewe, alfajiri,
na hapunguzi bei hata kwa mkwewe.
Hapo nilifumba macho.
Iliki inatangulia, Baba, inavua viatu,
siagi inaingia nyuma yake bila hodi.
Hakusema kitu. Alikishika kikeki kiganjani muda mrefu,
akikipima,
kama apimaye kifaranga kabla ya kukirudisha kwa mama yake.

Otonglo ndiko nilikokosea.
Wasonga walifanya kazi pamoja, zamu ya usiku,
siku zile kiwanda kilipokuwa na king'ora.
Ametengeneza kibanda cha mabati, amechora ngano ukutani,
mkono unatetemeka sasa, akatuwekea viti.
Keki ilikuwa ya juzi. Ilikuwa vumbi lenye sukari.
Wasonga alikuwa amesimama pale pale.
Nikasema: laini, Baba. Laini sana.

Baba aliigonga kwa kidole, mara moja.
Akaisikiliza.
Kisha akaila yote, polepole, hata iliyobaki kwenye karatasi,
akamshika mwenzake mkono kwa mikono miwili.
Barabarani ndipo aliponigeukia:
"Ulimi wangu ulikuwa hauna adabu hivyo."
Hatukuzungumza tena hadi Kisian,
ingawa Kisian hakukuwa na keki, tulipitiliza tu.

Jioni, Manyatta. Geti la kijani, halina bango, lina foleni.
Binti wa kidato cha tatu, Lavine,
anaokea jikoni kwa mama yake, likizo hadi likizo,
daftari la kemia limefunguliwa kando ya mizani.
Kikeki kidogo kisicho na pambo.
Kwanza nilidhani ni ganda la limau,
lakini limau lilipita likaenda zake,
kikabaki kitu kingine,
kitu cha upande wa nyuma wa mdomo, mahali nisipopajua.
Nilitafuta neno. Nikatafuta tena. Foleni ikaguna.

"Enhe?" Baba akauliza.

Sijui, Baba.

Akanitazama.
"Sijui?"

Sijui.

Akaingiza mkono ndani ya koti, akatoa noti iliyokunjwa mara nne.
"Basi ndiyo hiyo. Mpe, atufungie sita."

Njiani alivipakata vyote yeye,
mfuko wa karatasi mapajani, viganja vimeufunika,
maana joto bado analipata.